Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Amana ya Kiti

Twawaletea ndugu zetu wasomaji, khasa vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe, habari za mtu ambaye jina lake lajulikana na wengi, lakini mwendo wake wajulikana na akali. Mara nyingi katika darasa letu huulizwa suali moja kwa namna mbalimbali. Kijana wa bandarini huuliza, karani wa afisini huuliza, na mwalimu wa chuoni huuliza: je, mtu mmoja aliye juu yaweza tabia yake kuwatengeneza au kuwaharibu wote walio chini yake? Nao hututaka tusiwajibu kwa visa vya Baghdad na Damascus peke yake, bali tuwape mfano wa mtu wa kwetu, aliyekunywa maji ya visima vyetu na kukalia kiti ambacho hata leo kingaliko. Tumeona hapana anayefaa zaidi kuliko marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, na msimamo wake katika mambo ya dini ulimpeleka kifungoni katika enzi ya Sayyid Barghash. Akafariki mwaka 1894, mwanawe angali mdogo, hajafika hata umri wa kuandikishwa chuoni. Kwa hivyo Sheikh Al-Amin alikua yatima. Aliyemlea na kumsomesha ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa kadhi. Hapa pana jambo la kuzingatia. Mtoto huyu hakujifunza ukadhi katika vitabu tu. Aliuona ukitendwa na mlezi wake, akawaona watu wakiingia na kutoka na shida zao, naye bila shaka alijua mapema kwamba anayeketi mbele ya watu hutazamwa kuliko anavyosikizwa.

Kisha alisafiri Unguja, ambako wakati huo ndiko kulikokuwa na bahari ya elimu. Alisoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na kwa Sheikh Abdallah Bakathir, mabwana wawili ambao wanafunzi wao walienea pwani nzima. Baadaye alikuwa msomaji wa gazeti la Al-Manar lililotolewa Cairo na Sayyid Muhammad Rashid Rida, akaingiwa na fikra za Sheikh Muhammad Abduh juu ya kuamsha Waislamu na kuyarejesha mambo yao kwenye asili. Tofauti yake na wasomaji wengine wa Al-Manar ni kwamba wengi walisoma wakafurahi, wakakikunja na kukiweka rafuni. Yeye alisoma akatazama mji wake.

Na mji wake alioutazama ulikuwa katika hali gani? Mwaka 1895 Waingereza waliifanya nchi kuwa himaya yao, huku pwani ikibaki kwa jina chini ya bendera ya Sultani. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, nayo mwaka 1901 ilikuwa imefika ziwani. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria. Mwaka 1908 ikaja sheria ya kuandikisha ardhi, na mtu aliyekuwa na shamba la babu akajikuta ana karatasi inayouzika. Sisi watu wa bara ya Mombasa twaweza kuyaelewa haya kuliko wengine, maana mashamba yaliyokuwa yakilimwa kwa mikono ya watumwa yalikuwa hapa kwetu. Mikono ile ilipoondoka, wenyewe wengi hawakuishika jembe. Walizoea kuhisabu kwamba kazi ya mikono ni aibu, wakauza kipande baada ya kipande, na fedha zikamalizikia katika harusi na matanga. Na huku huku Kisauni, tangu mwaka 1875, wamishonari walikuwa wamesimamisha kijiji chao cha Freretown kwa watumwa waliokombolewa, wakiwafundisha kusoma na kazi za mikono. Mtoto wa mtumwa alijifunza ufundi, na mtoto wa bwana alijifunza kuuza shamba. Twayasema haya kwa sababu ndiyo yaliyotokea, wala hatukusudii kumtia mtu uchungu.

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianza kutoa karatasi ndogo aliyoiita Sahifa. Haikuwa gazeti kubwa. Lakini ilikuwa kwa Kiswahili, na hilo ndilo lililokuwa jipya. Wanavyuoni wa zama zile walikuwa wakiandika kwa Kiarabu, wakisomana wao kwa wao, na mtu wa kawaida akingoja afasiriwe msikitini akibahatika. Sheikh Al-Amin, ambaye Kiarabu chake kilitosha kuandikia historia ya ukoo wa Mazrui, aliamua kumwandikia mwenye duka, nahodha na fundi. Mwaka 1932 ikafuata Al-Islah, gazeti la kila wiki kwa Kiswahili na Kiarabu, nalo jina lake lenyewe maana yake ni matengenezo.

Ndani ya karatasi zile hakuwabembeleza watu wake. Aliwalaumu kwa uvivu, kwa kuuza ardhi, kwa israfu katika harusi, kwa kuacha biashara na kazi katika mikono ya wengine kisha kulalamika kuwa wengine wametajirika. Aliwalaumu waliodhani kwamba ustaarabu ni kuiga mavazi na anasa za Mzungu. Lakini, na hapa ndipo twataka msomaji asimame kidogo, hakusema kwamba la Mzungu lote ni la kutupwa. Alisema Waislamu wajifunze kwao kupendana kwa kazi, kushirikiana, kutafuta elimu na kuithamini nchi yao, waache ulevi na upotofu. Watu wetu, kwa maoni yake, walikuwa wamefanya kinyume: yaliyo mabaya wameyapokea kwa mikono miwili, na yaliyo mema wameyaacha mlangoni. Alitaka elimu za dunia zisomwe pamoja na dini, na wanawake nao wasiachwe katika ujinga. Kuyasema hayo mwaka 1930, katika mji ambao kila mlango wamjua mwenye kusema, kwahitaji moyo.

Makala zile zikakusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi, kilichotoka mwaka 1944. Jina hilo lastahili kufikiriwa. Sheikh hakukiita kitabu chake Makosa ya Waislamu, ingawa makosa yamo tele. Alikusudia kumwonyesha mtu njia, na kulaumu kulikuwa sehemu tu ya kazi hiyo.

Sasa twaja kwenye kiti. Mwaka ule ule wa 1932, Sheikh Al-Amin aliwekwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu, daraja aliyokaa nayo mpaka kufa kwake. Aliyekuwa akiwaambia watu namna ya kufanya kazi, leo naye amepewa kazi, ana makarani chini yake na watu mlangoni.

Kadhi katika pwani yetu hakuwa na mamlaka makubwa mbele ya serikali. Tangu sheria za mwaka 1897, mahakama yake ilikuwa chini ya mpango wa Waingereza, na hukumu zake zilikuwa zaweza kupelekwa mbele ya majaji wasiojua Minhaj wala Kiarabu. Alichobakishiwa ni ndoa, talaka, mirathi na yanayofanana na hayo. Lakini ndugu msomaji usiyadharau. Mjane asiyejua fungu lake, yatima ambaye ami yake amekaa na nyumba ya marehemu, mwanamke aliyeachwa bila kuambiwa ameachwa: hao wote mlango wao ulikuwa mmoja. Na katika mlango huo, kabla hujamfikia kadhi, wamfikia bawabu, kisha karani.

Wanavyuoni wetu wa Kishafi walilijua hilo zamani. Katika kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, na ambacho kila mwanafunzi wa Unguja na Mombasa alikipitia, mna mlango mzima wa adabu za kadhi. Kadhi hana ruhusa kupokea zawadi kwa mwenye kesi. Hana ruhusa kupokea kwa mtu ambaye hakuwa na desturi ya kumpa kabla hajawa kadhi. Kwa aliyekuwa na desturi hiyo na hana kesi, inajuzu kwa kadiri ya desturi yake tu, na bora amlipe badili yake. Tazama namna walivyokuwa werevu: hawakukataza zawadi ovyo, maana watu ni majirani na majirani hupeana. Waliuliza suali moja, nalo ni hili, zawadi hii yampenda mtu au yakipenda kiti?

Tena mle mna kwamba wenye kuteta wasawazishwe katika kuingia kwao, katika kuwainukia, katika kuwasikiliza, katika kuwakunjulia uso na katika kuwajibu salamu. Yachukiza kadhi kuhukumu akiwa na ghadhabu, au njaa, au shibe ya kupita kiasi. Yachukiza anunue na kuuza mwenyewe, wala asiwe na wakili anayejulikana kuwa ni wakili wake, kwa kuwa muuzaji atampunguzia bei kwa ajili ya cheo. Na karani wake ana shuruti zake: awe mwadilifu, ajue kuandika mashitaka na hukumu, na yapendeza awe na fiqhi, akili timamu na khati nzuri. Msomaji wa leo aweza kushangaa kuiona khati nzuri ikitajwa karibu na uadilifu. Sisi hatushangai. Hukumu iliyoandikwa kwa khati isiyosomeka ni mlango wa dhulma, na karani mzembe humla yatima bila ya kufungua kinywa.

Haya Sheikh Al-Amin aliyasoma akiwa kijana, akayasomesha akiwa mtu mzima. Basi mtu anapouliza maadili ya mkubwa yaingia vipi katika tabia ya kazi, jawabu imo katika mlango huo. Haiingii kwa khutba. Yaingia kwa nani ameinukiwa na nani hakuinukiwa, kwa kapu la maembe lililorudishwa mbele ya bawabu, kwa saa ambayo mkubwa amefika. Karani aona, wala haambiwi. Kapu moja likipokelewa, kesho bawabu atataka lake, na keshokutwa yule mjane asiye na kapu hatapita.

Pana watu waliosema, na hata leo wangalipo wasemao, kwamba mtu wa matengenezo hafai kuchukua mshahara wa serikali ya kikoloni. Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Al-Islah lilifika mwaka 1933 likasita. Aliyekuwa mwandishi akabaki kuwa hakimu, na kalamu ya hakimu si kalamu ya mwandishi, hata mkono ukiwa mmoja. Kuna kitu mji ulikipoteza hapo. Ila twaona pia kwamba kiti kile hakingebaki kitupu. Kama si yeye angekaa mwengine, na huenda mwengine huyo angekuwa mtu wa kumridhisha Liwali na Mkuu wa Jimbo tu. Mafundisho yake hayakukatika alipokuwa kadhi: aliendelea kusomesha na kutunga vitabu vya dini kwa Kiswahili chepesi, na Uwongozi wenyewe ulitoka yumo ndani ya ukadhi mkuu. Sisi twaelekea kusema kwamba alichagua lililo zito zaidi. Mwenye kulaumu akiwa nje hulala usingizi kuliko mwenye kutenda akiwa ndani.

Pana na hoja ya pili, ambayo sisi wa bara twaihisi zaidi. Kiti hicho kilizunguka katika nyumba chache za mjini, na Sheikh Al-Amin mwenyewe alitoka nyumba iliyotoa makadhi kabla yake na baada yake. Mdigo wa Likoni na Mgiriama aliyesilimu wa Kisauni waliingia mahakamani kama wenye shida, si kama makadhi. Hilo ni kweli, na lilikuwa kosa la mpango wa zama zile, ambao uliwapanga watu kwa kabila zao na kuwagawia daraja. Hatudai kwamba Sheikh aliuvunja mpango huo. Twadai jambo dogo zaidi, kwamba kwa kuandika kwa Kiswahili aliitoa elimu ya kadhi nje ya nyumba zile. Mtu akishajua kwa lugha yake mwenyewe haki yake katika mirathi, karani hawezi kumchezea kama alivyomchezea jana.

Na ushahidi kwamba mwendo wa mkubwa huwa desturi ya kiti waonekana kwa waliomfuata. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu kuanzia mwaka 1963 hadi 1968. Naye alishika kalamu, akatunga kwa Kiswahili habari za maisha ya makhalifa na hukumu za sharia. Baada yake akaja Sheikh Abdallah Saleh Farsy kutoka Unguja, mtu wa njia hiyo hiyo, ambaye tafsiri yake kamili ya Qurani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1969. Basi kwa muda wa miaka mingi watu wa Kenya walizoea kwamba Kadhi Mkuu ni mtu wa kuwaandikia. Hapana sheria ya serikali iliyolazimisha hivyo. Mapatano ya mwaka 1963 baina ya Kenya na Zanzibar yalizihifadhi mahakama za kadhi, na Katiba ya mwaka 2010 imezitaja katika kifungu chake cha 170, lakini wala mapatano wala katiba hayamwambii kadhi aandike kitabu kwa lugha ya mpishi na mvuvi. Desturi hiyo ilianzishwa na mtu, kwa kufanya.

Mwaka wa kufa kwake Mombasa ilikuwa moto. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi zaidi ya 15,000, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, waligoma kwa siku zipatazo kumi na mbili kwa ajili ya mshahara duni, nyumba mbovu na vitu kupanda bei. Shida ile ya kazi ambayo Sahifa iliitazama kutoka upande wa mtu mvivu, mgomo uliionyesha kutoka upande wa mtu afanyaye kazi asipate haki yake. Zote mbili ni kweli, na anayeshika moja akaiacha nyingine hajaijua Mombasa. Miezi michache baada ya hapo Sheikh Al-Amin alifariki dunia, umri wake miaka hamsini na sita.

Aliacha watoto, na mmoja wao, Ali, alikuwa na miaka kumi na minne. Baba alitamani mwana huyu aende Al-Azhar akawe mwanasharia wa Kiislamu. Haikuwa hivyo. Kijana hakupasi vizuri mtihani wake wa shule, akaajiriwa karani mdogo katika chuo cha ufundi cha Waislamu kilichoko Tudor, kile kilichoitwa MIOME. Mwana wa Kadhi Mkuu, basi, hakurithi kiti wala hakufunguliwa mlango wa nyuma; alikaa kwenye meza ya karani akapiga taipu. Ilikuwa ni hotuba yake katika Maulidi iliyomfikisha kwenye masikio ya Gavana, akapata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza, na baadaye dunia ikamjua kuwa Profesa Ali Mazrui. Wako wasemao kwamba alifanya kwa Kiingereza kazi ile ile ambayo babake alifanya kwa Kiswahili. Sisi hatuyakubali yote aliyoyasema profesa, lakini kwamba mwana alijifunza kutoogopa kusema, hilo halihitaji ushahidi.

Twaandika haya kwa kuwa siku hizi vijana wetu wachache wapata vyeo. Yuko aliyekuwa msimamizi wa zamu bandarini, yuko mkuu wa shule Kisauni, yuko afisa wa kaunti, yuko mwenye gereji Changamwe na mafundi sita chini yake. Kazi zimepungua. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013, na tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017 makontena mengi yapita Miritini moja kwa moja bila ya kuwagusa madereva na wapagazi wetu. Kazi zikipungua, kapu la maembe huwa zito zaidi. Mtu huombwa amwingize nduguye, amfute asiye nduguye, atie sahihi karatasi asiyoisoma. Naye husema, kila mtu afanya hivi. Bawabu wake yupo mlangoni, asikia.

Makala za Sahifa zaweza kusomwa hata leo. Mwaka 2017 Uwongozi ulichapishwa tena Uholanzi, Kiswahili chake kikiwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na nakala kuukuu zingali katika nyumba za wazee wa mjini. Darasa letu litaanza kukisoma kitabu hicho makala moja kila wiki, Jumatano baada ya Isha, na tutakapokimaliza tutasoma mlango wa adabu za kadhi katika Minhaj. Wenye madaraka makazini ndio tuwatakao zaidi, nao waje na makarani wao.